Siku ya kura: Wamarekani walifuata mavuno, sisi tunafuata nini?

Ndugu musomaji, mwaka 2023, tarehe 20 ya mwezi wa 12, sisi Wakongo tuliitwa kupiga kura. Ilikuwa siku ya tatu, katikati ya juma na katikati ya mvua. Tulipaswa kuchagua rais, wabunge wa taifa, wabunge wa provinsi, na katika komine zingine washauri wa komine pia. Katika daftari kulikuwa majina karibu milioni 44. Kufuatana na hesabu ya CENI yenyewe, waliopiga kura walikuwa kama 43 kwa mia. Ni kusema, kwa watu 10 walioandikwa, hata 5 hawakufika.

Sasa urudi nyuma pamoja nami. Tarehe 30 ya mwezi wa 7 mwaka 2006 ilikuwa siku ya Yenga, wakati wa kipwa, vumbi kila mahali. Watu 70 kwa mia walikuja. Kulikuwa wazee ambao zaidi ya miaka 40 hawakuona uchaguzi wa namna hiyo, na vijana ambao hawakuuona hata siku moja. Tarehe 28 ya mwezi wa 11 mwaka 2011 wakakuja karibu 59 kwa mia. Tarehe 30 ya mwezi wa 12 mwaka 2018, 47 kwa mia na kitu. Ni ngazi yenye kushuka tu.

Watu watakuambia: «Pasta, sababu ni moja, watu wamechoka.» Sitakatala. Mutu anayewaza kwamba kura yake haihesabiwi hataamuka usiku kwenda kupanga mustari. Lakini kuna jambo lingine, dogo kwa macho, ambalo hatulizungumzi mara mingi: siku yenyewe. Ni nani anaichagua? Inamufaa nani, na inamufungia nani mulango? Hayo ninataka tuyaangalie leo, wewe baba wa kazi, wewe mama wa soko, na wewe kijana ambaye utapiga kura mara ya kwanza.

FARASI, SOKO NA IBADA

Tuanzie mbali, kwa sababu mara mingi mutu anaona nyumba yake vizuri akisimama barabarani. Wamarekani wanachagua rais wao kila miaka 4, na sikuzote ni siku ya pili (ndugu zetu wa Tanzania wanasema Jumanne), mwanzoni mwa mwezi wa 11, kati ya tarehe 2 na tarehe 8. Haijalishi kama kuko vita, kama kuko ugonjwa, kama watu wanafurahi ama wanakasirika. Siku ni ile.

Sheria hiyo iliwekwa tarehe 23 ya mwezi wa 1 mwaka 1845. Mbele ya hapo kila jimbo lilijichagulia siku yake, ndani ya siku 34 mbele ya wajumbe kukutana mwanzoni mwa mwezi wa 12. Katika uchaguzi wa 1844, ule ambao James Polk alimushinda Henry Clay, majimbo yalipiga kura kuanzia tarehe 1 ya mwezi wa 11 mpaka tarehe 4 ya mwezi wa 12. Unaona hatari yenyewe: jimbo la mwisho limekwisha kusikia matokeo ya jimbo la kwanza, na mudanganyifu anaweza kupiga kura hapa leo, kisha ngambo ya muto juma lijalo. Basi wakasema: siku moja kwa wote. Mara ya kwanza inchi nzima kuchagua rais siku moja ilikuwa tarehe 7 ya mwezi wa 11 mwaka 1848.

Na kwa nini siku ya pili? Wakati ule Wamarekani wengi walikuwa wakulima. Kura ilipigwa katika muji mukubwa wa wilaya, na mwenye kukaa mbali alihitaji siku nzima juu ya farasi. Siku ya Yenga ilikuwa ya ibada, hawakutaka kusafiri. Kama wangeweka kura siku ya kwanza, wengi wangelazimishwa kuondoka nyumbani siku ya Yenga. Siku ya tatu, mahali pengi, ilikuwa siku ya soko. Ikabaki siku ya pili: unatoka siku ya kwanza, unapiga kura siku ya pili, unarudi kwako. Na mwezi wa 11 je? Mahindi na ngano vimekwisha kuingia gala, na theluji haijafunga njia bado.

Mimi ninawasifu watu wale kwa jambo moja. Walijiuliza: muchaguzi wetu ni nani, na juma lake liko namna gani? Kisha wakaweka siku kufuatana na juma lake. Ni kweli, muchaguzi waliyemufikiria alikuwa mwanaume mweupe mwenye shamba. Mutumwa hakuhesabiwa. Wanawake wa inchi nzima walipata haki hiyo kwa katiba mwaka 1920 tu. Lakini kwa yule waliyemufikiria, siku ilikuwa nzuri.

Shida ni kwamba farasi alikwenda, siku ikabaki. Leo muchaguzi wa Marekani ni muuguzi wa hospitali, ni dereva, ni mama anayepokea makuta kwenye duka kubwa, ni mutu wa kiwanda. Siku ya pili kwake ni siku ya kazi kama zingine. Mwaka 2014 ofisi ya serikali yao ya kuhesabu watu iliwauliza wale walioandikwa lakini hawakupiga kura: kwa nini? Watu 28 kwa mia walijibu kwamba walikuwa na kazi mingi ao saa hazikupatana. Hakuna sababu nyingine iliyotajwa na watu wengi kuliko hiyo.

Kwa hiyo wengine wanasema: tubadilishe. Seneta Herb Kohl wa jimbo la Wisconsin alipeleka mara kadhaa sheria ya kuhamisha kura mwisho wa juma, siku ya posho na siku ya Yenga. Haikupita. Wengine wanasema: tuache siku ya pili, lakini tuifanye sikukuu ya taifa. Nayo haijapita, hata kama jimbo la Virginia lilifanya hivyo kwa upande wake mwaka 2020. Na uangalie vizuri jibu la wapinzani, maana linatuhusu sisi watu wa migodi: sikukuu inamupa pumziko mutu wa ofisi. Muuguzi, polisi, mupishi wa hoteli na mwenye duka wanafanya kazi siku ya sikukuu. Pengine wanafanya kazi zaidi, na masomo yanafungwa, mama hana pa kuacha watoto.

Ndiyo sababu majimbo mengi yalichukua njia nyingine. Hayakuhamisha siku, yaliipanua. Texas, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, inafungua biro za kura siku mingi mbele ya siku yenyewe. Oregon ilikubali mwaka 1998 kwamba karatasi ya kura itumwe kwa posta nyumbani kwa kila muchaguzi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, Wamarekani zaidi ya milioni 100 walikuwa wamekwisha kupiga kura mbele ya siku ya pili kufika, na mwaka ule karibu wawili kwa watatu wenye haki walichagua. Haikuonekana hivyo tangu mwaka 1900.

Kuna tena mambo ya Los Angeles, muji mukubwa sana. Walikuwa wanachagua meya peke yake, katika mwaka usio na uchaguzi mwingine. Mwaka 2013 walikuja watu 23 kwa mia hivi. Mwaka 2015 wenyeji wakakubali kwa kura kuhamisha uchaguzi wa muji ukae pamoja na ule wa inchi. Mwaka 2022, walipochagua meya tena, hesabu ikapita 40 kwa mia. Hawakubadilisha siku ya juma. Walibadilisha mwaka.

JIRANI ZETU WA NGAMBO YA KASUMBALESA

Wengine watasema: hayo ni ya Wazungu. Haya, tuvuke mupaka.

Zambia inatufundisha kuliko Marekani, na wengi wetu tuna ndugu kule Kitwe na Chingola. Rais Michael Sata alikufa mwezi wa 10 mwaka 2014. Katiba yao ya wakati ule iliwaomba kuchagua mwingine ndani ya siku 90. Siku 90 zikaangukia mwezi wa 1, mvua ikiwa kwenye kilele. Tarehe 20 ya mwezi wa 1 mwaka 2015, siku ya pili, wakapiga kura. Mahali pengine mvua ilizuia vyombo kufika, wakapaswa kungojea. Walikuja watu 32 kwa mia tu. Sitasema ni mvua peke yake: walitumia daftari ya zamani ya 2011, na watu walijua kwamba mwaka uliofuata watachagua tena. Lakini mvua ilikuwa ndani.

Kisha Wazambia wakafanya jambo la akili. Mwaka 2016 wakaandika katika katiba yao: uchaguzi mukubwa utafanyika siku ya ine ya pili ya mwezi wa 8, kila miaka 5. Mwezi wa 8 hakuna mvua, mahindi yamevunwa, na njia zimekauka. Mwaka uleule wa 2016 walikuja 56 kwa mia. Mwaka 2021, siku ya ine tena, mwezi wa 8 tena, walikuja zaidi ya 70 kwa mia. Basi unaona mambo mawili pamoja. Siku nzuri inafungua njia, lakini kwa siku ileile tofauti ya 56 na 70 inatoka kwa watu wenyewe, kwa hamu yao. Kenya nao wameandika siku katika katiba ya 2010: siku ya pili ya pili ya mwezi wa 8, kila mwaka wa tano. Mutoto wa masomo kule anaweza kukuambia leo tarehe ya uchaguzi wa miaka kumi ijayo.

Sitakaa sana juu ya wengine. Wafaransa na Wabelgiji wanapiga kura siku ya Yenga, Waingereza siku ya ine. Waaustralia tangu sheria ya 1911 wanapiga siku ya posho, na nje ya masomo wazazi wanakaanga sosiji na kuuzisha ili masomo yapate makuta kidogo. Lakini usidanganyike kuwaza kwamba ni siku ya posho iliyowajaza watu. Mwaka 1922, siku ya posho ikiwa tayari sheria, hawakufika hata 60 kwa mia. Mwaka 1924 wakafanya kura kuwa lazima, na mwaka 1925 hesabu ikapanda kupita 91. Kulazimisha watu ni mambo mengine, sitayaingilia hapa.

NAMNA GANI TULITOKA KIPWA TUKAINGIA MVUA

Sasa turudi nyumbani. Kama tungefanya hesabu ya wale wakulima wa 1845, kwetu Katanga ingetupa jibu gani? Mahindi tunapanda mvua ikishika, mwezi wa 11 na wa 12. Tunapalilia mwezi wa 12 na wa 1. Tunavuna mwezi wa 4 na wa 5. Kutoka hapo mpaka mwezi wa 9 mbingu imefungwa, kamyo inapita, kinga inapita, mama mwenye mutoto mugongoni anatembea bila kutelezeka. Basi jibu ni mwezi wa 6 ao wa 7. Na ni hivyo hasa tulivyoanza mwaka 2006!

Ni nini iliyotutoa hapo? Hakuna mutu aliyekaa akasema tupeleke kura kwenye mvua. Ni saa ya mamlaka iliyotuvuta. Mwaka 2006 kulikuwa duru mbili: ya kwanza mwezi wa 7, ya pili tarehe 29 ya mwezi wa 10. Rais Joseph Kabila akaapishwa tarehe 6 ya mwezi wa 12. Mamlaka ni miaka 5, ikaisha mwezi wa 12 mwaka 2011. Mwanzoni mwa 2011 duru ya pili ikaondolewa, basi duru moja iliyobaki ikawekwa karibu na mwisho wa mamlaka, mwezi wa 11. Kisha uchaguzi wa 2016 haukufanyika. Ulifanyika mwisho wa 2018, Rais Félix Tshisekedi akaapishwa mwezi wa 1 mwaka 2019. Miaka 5 ikatupeleka mwezi wa 12 mwaka 2023. Aliapishwa tena tarehe 20 ya mwezi wa 1 mwaka 2024, na ukihesabu miaka 5 utaona mwenyewe: tunaangukia tena mwisho wa mwaka 2028, jembe mukononi na matope miguuni.

Musomaji kijana ataniuliza: basi si tuchague mwezi wa 7, na rais mupya angojee mwezi wa 1? Kwa kuwaza si vibaya. Wamarekani walifanya hivyo miaka mingi: walichagua mwezi wa 11, rais akaingia tarehe 4 ya mwezi wa 3, miezi 4 nzima, kwa sababu ya mwendo wa farasi. Waliipunguza mwaka 1933, sasa anaingia tarehe 20 ya mwezi wa 1. Lakini kwetu katiba inaomba tume iite kura siku 90 mbele ya mamlaka kuisha, basi ingepaswa kugusa katiba. Na miezi 6 yenye marais wawili, mumoja anayetoka na mumoja anayengojea, katika inchi yetu, mimi inanitia woga. Na pia kuna jambo ambalo watu wa muji hawalijui: wakati wa kipwa ndipo mashimo yanakauka. Vijana wengi wachimbaji wa mukono wanaacha nyumba mwezi wa 5 ao wa 6, wanaenda kuchimba mbali, na kwa kanuni unapiga kura pale ulipoandikwa. Mwezi wa 7 ungewasaidia wakulima na ungewapoteza wachimbaji, labda wakubaliwe kupiga kura pale walipo.

Ukiniuliza mimi, ningechagua kipwa pamoja na shida zake. Kijana anaweza kurudi nyumbani kwa siku moja kama alijua tarehe miaka 5 mbele. Njia iliyokatika kwa mvua haijui tarehe.

KUHAMISHA SIYO KUTELEZESHA

Hapa ninakuomba usome polepole. Katika inchi yetu, ukitamka «tubadilishe siku ya uchaguzi», masikio yanasimama. Na ni haki yasimame. Mwaka 2016 mamlaka iliisha bila kura kupigwa. Maaskofu Wakatoliki wakasaidia watu wa siasa kupatana, mapatano yakatiwa sahihi tarehe 31 ya mwezi wa 12 mwaka 2016, yakasema kura itapigwa mwaka 2017. Ilipigwa mwisho wa 2018. Watu waliita hiyo «glissement», kutelezesha. Damu ilimwangika kwa sababu ya tarehe.

Na hata mwaka 2018 mwenyewe. Siku iliyopangwa ilikuwa tarehe 23 ya mwezi wa 12. Moto ukateketeza gala ya CENI pale Kinshasa pamoja na machini za kura, siku ikasogezwa juma moja. Kisha watu wa Beni, Butembo na Yumbi, zaidi ya milioni 1 walioandikwa, wakaambiwa kwamba wao watapiga kura mwezi wa 3 mwaka 2019, juu ya Ebola na juu ya usalama. Mwezi wa 3 rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Walichagua wabunge tu. Tarehe 30 ya mwezi wa 12, pale Beni, watu walipanga mustari wenyewe, bila machini na bila tume, wakaandika kura zao juu ya karatasi, hata kama walijua hazitahesabiwa. Wale hawakukosa hamu. Walinyimwa siku.

Basi utapima namna gani, musomaji? Mutu akileta wazo la kubadilisha siku, umuulize swali moja: hiyo siku mupya inarefusha mamlaka ya mutu yeyote? Katiba yetu, katika kifungu cha 220, inakataza kugusa hesabu na urefu wa mamlaka ya rais. Kuleta kura mbele, mwezi wa 7 mahali pa mwezi wa 12, hakurefushi. Kuisukuma nyuma kunarefusha. Na swali la pili: je, siku mupya itaandikwa mara moja kwa miaka yote, kama Zambia na Kenya walivyofanya, ao tutaingojea kwa redio kila mara?

POSTI YA USIKU NAYO IKO NA KURA

Tuache katiba, tushuke kwenye kiwanda. Serikali ilitangaza kwamba tarehe 20 ya mwezi wa 12 mwaka 2023 ni siku isiyo ya kazi, yenye kulipwa. Vema. Lakini wewe unayekaa hapa unajua kwamba tanuru ya shaba haizimwi kwa sababu ya kura. Pompe yenye kutosha maji ndani ya mugodi haisimami. Muuguzi wa hospitali ya kampuni hafungi mulango, na mulinzi hatoki kwenye kizuizi. Kazi inakwenda kwa posti tatu, ya asubui, ya mangaribi na ya usiku.

Biro za kura, kwa sheria, zinafunguliwa 6h00 na kufungwa 17h00. Basi mutu wa posti ya asubui anaingia kazini saa ileile mulango wa biro unafunguliwa. Bisi imemuchukua mbele ya jua kutoka. Anaachiliwa 14h00, anarudi nyumbani karibu 15h30, anaoga, anakimbia. Kama mustari ni murefu, anapoteza. Baba mumoja wa kanisa letu, mutu wa posti, aliambiwa na mukubwa wake siku ile: «Utalipwa mara mbili, unataka nini tena?» Alilipwa kweli. Kura hakupiga.

Siku ile mahali pengi vyombo vilichelewa kufika, biro zikafunguliwa mchana ao mangaribi, na CENI ikaongeza siku ya kufuata. Mahali pengine kura iliendelea siku zingine tena. Wengi walilalamika, na walikuwa na sababu, maana sheria inasema siku moja, na sanduku linalolala usiku linaleta mashaka. Lakini umejua jambo moja? Kwa watu wa posti ile siku ya pili ilikuwa baraka. Wengine waliosikia habari walikwenda tarehe 21, wakapiga kura yao kwa utulivu.

Kwa hiyo mimi ninasema: ile siku ya pili iliyokuja kwa fujo, ingekuja kwa mpango. Kuna njia. Siku moja mbele, biro moja ao mbili katika kila muji wa migodi zifunguliwe kwa wenye kazi isiyosimama: wauguzi, watu wa tanuru, walinzi, polisi. Tanzania, kule Zanzibar, walifanya hivyo mwaka 2020: polisi na watumishi wa uchaguzi walipiga kura tarehe 27 ya mwezi wa 10, wengine wote tarehe 28. Ni kweli upinzani haukufurahi, ulisema kura za siku ya kwanza zinaweza kuchezewa. Dawa ya hiyo inajulikana: majina yabandikwe mbele, sanduku lifungwe mbele ya mashahidi wa vyama, na lisihesabiwe mpaka jioni ya siku kubwa.

Hata bila sheria mupya, kampuni inaweza kufanya kitu. Sendika wanaweza kuomba kwamba siku ile posti zigawanywe kwa saa 6 mahali pa 8, ili kila mutu apate asubui ao mangaribi nzima. Wanaweza kuomba bisi ipite karibu na biro za kura. Ni mambo ya karatasi moja, lakini karatasi hiyo iandikwe mwezi wa 9, si jioni ya mbele ya kura.

NA SIKU YA YENGA JE?

Ninajua wengine wenu mulikuwa mukingojea hapa. Mwaka 2006 na mwaka 2018 kura ilikuwa siku ya Yenga. Kuna Wakristo waliokataa kwenda, wakisema siku ya Bwana si ya siasa. Kuna wengine waliokwenda kwenye mustari kutoka asubui, na kanisa likabaki na wazee na watoto.

Nawaheshimu wote. Ila siku ya Yenga ina faida ambayo hakuna siku nyingine inayo: masomo yamefungwa, ofisi zimefungwa, na hata kampuni inapunguza watu. Ukisema siku ya posho, ndugu zetu Waadventista watasema na sisi je? Ukisema siku ya tano, Waislamu wana sala yao ya mchana. Waholanzi kwa desturi wanachagua siku ya tatu, siku isiyo ya ibada ya mutu yeyote. Hilo nalo lina akili, basi siku ile iwe ya pumziko kweli, si kwa karatasi tu.

Kama itakuwa tena siku ya Yenga, wazee wa kanisa wana kazi ya kufanya, na si ngumu. Ibada inaweza kuwa fupi, 5h30, watu wakatoka wakaenda pamoja. Ao iwe jioni, nyuma ya 17h00, yule aliyepiga kura na yule aliyerudi kutoka posti wakakutana kwa meza moja. Mahali pengi masomo ya kanisa ndiyo biro za kura, basi nyumba ya ibada iliyo karibu inaweza kuwa pahali pa kupumzika, penye maji ya kunywa, na benchi kwa mama mwenye mimba.

Na kuhusu mama: mustari wa 2023 ulikuwa murefu, karatasi ilikuwa ya kura tatu ao ine, jua kisha mvua. Mama mwenye watoto watatu alipaswa kuchagua, awabebe wote ao abaki nyumbani. Kundi la wamama la kanisa linaweza kufungua nyumba moja katika kila kartie siku ile, wamama wawili wakae na watoto asubui, wawili wengine wawapokee 11h00, uji uwe tayari. Majina ya wamama hao yapangwe pamoja na mpango wa posti za mabwana zao, maana yule ambaye bwana wake anaingia 6h00 atapiga kura asubui peke yake, na yule ambaye bwana wake anatoka posti ya usiku atapaswa kwanza kumupikia bukari.